Serikali ya Taya la Juu

“Tangazo, tangazo. Serikali ya Taya la Juu inawatangazia raia wake wote, kuanzia magego hadi meno ya mbele, kwamba kazi ya kupanua mipaka imeanza rasmi asubuhi ya leo. Raia watulie majumbani. Ulimi usivuke mpaka bila kibali. Uji utapokelewa kwa foleni.”

Sauti ilikuwa nzito na yenye heshima zake, sauti ya mtu mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni, na ilifika hadi meza ya mwisho ya bwalo. Wasichana mia tatu wakashusha vijiko. Mwalimu wa zamu alisimama wima na kufunga kifungo cha koti, akiamini kwamba Wizara imeingia shuleni bila taarifa. Ndipo ilipobainika kwamba Serikali hiyo tukufu ilikuwa inahutubia kutoka kinywani mwa Subilaga wa Kidato cha Tano, ambaye midomo yake ilikuwa imefumbwa, mashavu yamejaa uji wa ulezi, na macho yamemtoka kama aliyemeza kengele.

Bwalo zima liliangua kicheko. Subilaga mwenyewe alicheka mpaka uji ukamtoka puani, jambo lililowashangaza waliomfahamu, kwa sababu pua ya Subilaga haikuwa na sifa ya kupitisha kitu chochote, hata hewa.

Meza mbili nyuma yake, Tusekile alikuwa anakunywa uji wake taratibu, kwa utulivu wa shemasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa sweta, umeshika kijiti cha chuma chenye unene wa kalamu. Kijiti kilikuwa bado na joto.

*

Ukweli ni kwamba Subilaga na Tusekile walikuwa marafiki tangu Kidato cha Kwanza, siku walipogundua kwamba wote wawili wameletwa shuleni na mama zao wakilia huku wao wenyewe wamekauka macho. Shule ya Wasichana ya Ikamambe iko juu ya mashamba ya chai, mahali ambapo mvua huanza kabla ya kengele na huacha ikijisikia, na katika baridi ile mtu asiye na rafiki huumwa mbavu. Tusekile alimpa Subilaga vicheko. Subilaga alimpa Tusekile majibu ya hesabu. Kila mmoja aliona amemlalia mwenzake.

Lakini tangu walipofika Kidato cha Nne hawakulala bweni moja. Taya la juu la Subilaga lilikuwa jembamba na kaakaa lake limechongoka kama paa la kanisa, hata njia za pua zilizo juu yake zikakosa nafasi. Alipumua kwa mdomo mchana na akakoroma usiku. Alikoroma kiasi kwamba wasichana wa bweni la Mwanzi walipiga kura, wakaandika barua ya heshima kwa matroni, na kitanda chake kikahamishiwa chumba cha pasi. Chumba hicho hakikuwa kimeona pasi tangu sare za shule zijifunze kujinyoosha zenyewe. Kilibaki na harufu ya nguo zilizoungua zamani, na Subilaga.

Ndiyo maana, Daktari Kalolo alipoonekana kwenye kioo cha zahanati na kuanza kueleza njia za kupanua taya, Subilaga alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu yenye matumaini. Daktari alikuwa anahudumia shule arobaini na tatu akiwa amekaa kwenye kiti kimoja mjini, na alieleza haraka. Njia ya kwanza, alisema, ni ya wazee wetu: chuma chenye skrubu katikati kinafungwa kwenye magego, kinazungushwa kidogo kidogo kwa ufunguo, na mfupa unaachana katikati penye mshono. Hiyo humfaa mtoto wa miaka tisa au kumi, ambaye mshono wake bado ni laini. Kwa msichana wa miaka kumi na saba chuma hicho kingeyasukuma meno nje na kuuacha mfupa ulipo. Njia ya mwisho ni upasuaji. Mfupa unakatwa kwa msumeno mdogo, na mgonjwa anakunywa supu kwa majuma kadhaa. Kati ya hizo mbili kulikuwa na kitanuzi kipya.

Kitanuzi hicho kilishikiliwa na misumari minne midogo iliyoingia kwenye mfupa wenyewe, si kwenye meno, na kilikuwa na sikio. Mshono wa taya ukiachia, Daktari alieleza, hutoa mlio mdogo kuliko wa chawa akitembea juu ya shuka. Kitanuzi kingeusikia mlio huo, kingepima nafasi iliyofunguka na kumtumia yeye vipimo. Mizunguko miwili kwa siku, kila mmoja robo ya milimita, siku kumi na nne. “Mlango wako bado haujafungwa, binti,” alisema, “ila uko njiani kufungwa. Tukichelewa, itabaki msumeno.”

Kilichobaki kilikuwa mkono wa kuzungusha, maana hakuna mtu anayeweza kuliona kaakaa lake mwenyewe. Nyumbani kazi hiyo hufanywa na mama. Shule ya bweni haina mama, kwa hiyo kila mwenye kitanuzi huchagua mshika ufunguo. Mteule hufanya mazoezi kwa wiki nzima kwenye taya la bandia la plasta zahanatini, mpaka kitanuzi kijifunze uzito na utulivu wa mkono wake, na baada ya hapo hakikubali mkono mwingine wowote. Aliyekibuni aliwaza jinsi wasichana wa bweni wanavyoweza kuwindana, akaweka kinga dhidi ya maadui wote. Marafiki hakuwawazia.

Subilaga alimchagua Tusekile bila kufikiri mara mbili. Nesi Anganile, aliyekuwa anajua kwamba Tusekile ana barua mbili za onyo, moja kwa kuifundisha kengele ya alfajiri kucheka na nyingine kwa kumvalisha sare mbuzi wa Mkuu wa Shule, alimuuliza Subilaga kama ana hakika. Subilaga akajibu kwamba mkono wa Tuse hautetemeki hata akiwa anaiba ndizi.

*

Ilikuwa kwenye taya la plasta ambapo Tusekile aligundua jambo la maana kuliko yote aliyofundishwa mwaka ule. Wakati wa mazoezi kitanuzi kilikuwa kinasema. “Zungusha,” kilinong'ona. “Subiri. Umepitiliza.” Maneno hayo yaliandikwa kwenye ufunguo, kile kijiti cha chuma chenye kioo kidogo, na mtu mwenye subira angeweza kuyafuta na kuandika mengine, kisha akachagua sauti na kuyarusha hata akiwa meza mbili nyuma. Palikuwa na sauti kumi na mbili. Ya tisa ilikuwa ile ya mwenye kitambi.

Kwa hiyo kitanuzi kilipohama kutoka plasta kwenda kinywani mwa Subilaga, Tusekile alikirudisha kimya kimya kwenye hali ya mazoezi, akakiacha humo ili Serikali iwe tayari muda wote. Ufunguo ulizunguka kama kawaida. Taya lilisukumwa kama kawaida. Hakuona ubaya.

Tangazo la pili lilitolewa gwaride la Jumamosi, bendera ikiwa inapanda. “Wizara ya Kukoroma inawaomba radhi wakazi wa chumba cha pasi kwa ngurumo za mitambo. Ujenzi ukikamilika, mitambo itahamishiwa baharini.” Shule nzima ilicheka, Mkuu mwenyewe akageukia mlingoti ili asionekane. Subilaga naye alicheka. Alasiri Tusekile alimkuta chumba cha pasi, anakunja blanketi ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

“Ni wewe?” Subilaga aliuliza, bila kugeuka.

Tusekile alimwambia kwamba ni kifaa kibovu, kinanasa redio za watu. Akampigapiga begani. Akaongeza kwamba watu wamesahau tayari. Usingizi haukumsumbua hata kidogo usiku ule, naye alijihesabia hilo kama dalili ya dhamiri safi.

*

Siku ya nane mchana Daktari Kalolo aliita. Nesi Anganile aliwaketisha wote wawili kwenye benchi mbele ya kioo, kwa kuwa mshika ufunguo hutakiwa kuwepo. Daktari aliangalia mistari iliyokuwa pembeni mwa kioo chake, akaiangalia tena, kisha akazungumza kwa upole ambao ulimtisha Tusekile kuliko ukali.

Mizunguko kumi na mitano, alisema, na mshono haujasogea hata unywele mmoja. Vipimo vya leo ni vilevile vya siku ya kwanza. Maana yake mfupa umeshaungana. Kuendelea kusukuma kungempa maumivu tu, kwa hiyo ameomba nafasi ya upasuaji. Gari lingekuja kesho saa mbili asubuhi.

Subilaga aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama baada ya msumeno atarudi bwenini, au bado atalala kule. Daktari, ambaye hakuwa na habari ya chumba cha pasi, alimjibu kwamba atalala hospitali siku tano. Nesi Anganile alikuwa na habari nacho, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Tusekile alitoka pale akiwa na huzuni halisi, na ndani ya huzuni hiyo, kama punje ya mchanga ndani ya wali, kulikuwa na nafuu kidogo: kitanuzi kikitolewa, na Serikali inazikwa nacho bila kesi.

Nafuu hiyo iliishi mpaka walipofika nyuma ya jiko, ambako Subilaga aliketi kwenye gogo na kuanza kulia. Alilia kwa mdomo wazi. Kitu cheupe kikamdondokea sketini, kidogo kama punje ya hindi. Tusekile alikiokota. Ilikuwa nta ya mshumaa.

“Funga mdomo wako,” Subilaga alisema upesi, ingawa mdomo uliokuwa wazi ni wa kwake, akaufunika kwa kiganja.

“Subi. Toa mkono.”

Katikati ya meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya. Mwanya mzuri wa haja, wa kuwafanya watu wageuke njiani.

Hapa ni lazima ijulikane kwamba muhula uliopita homa ya mwanya iliipiga Ikamambe. Wasichana kumi na mmoja walijichonga meno kwa tupa ya kucha wakitafuta urembo ambao Mungu aliwanyima, wakarudishwa nyumbani mwezi mzima. Kwa hiyo Subilaga alipoona siku ya tano kwamba meno yake yameanza kuachana, alidhani atashitakiwa kwa kuchonga. Akayeyusha nta, akaziba, na kila asubuhi akaongeza kidogo, kwa kuwa kila asubuhi tundu lilikuwa limekua.

Alieleza yote hayo akiapa kwamba tupa hajaishika. Tusekile hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anafikiria meno mawili yaliyosimama kila moja upande wake wa mshono, kama majirani wawili ambao kiwanja chao kimepasuka katikati. Meno hayo hayawezi kuachana hivyo kama mfupa umeungana. Taya lilikuwa limefunguka. Basi vipimo vya Daktari vilikuwa vinatoka wapi?

Alijua kabla hajauliza. Hata hivyo alikwenda nyuma ya tangi la maji, akafungua maelezo ya ufunguo, na kwenye ukurasa wa arobaini na moja akakuta sentensi ambayo mtu yeyote mwenye akili angeisoma kabla ya kuanzisha serikali: katika hali ya mazoezi, kifaa hakisikilizi mfupa, hutuma vipimo vya taya la plasta.

Na plasta, kwa tabia yake, haisogei.

Alibonyeza pa kurudisha hali ya kawaida. Ufunguo ukamuuliza kwa herufi ndogo za kijani kama anathibitisha, ukamwarifu kwamba kumbukumbu zote za mabadiliko zitatumwa kwa tabibu pamoja na jina la mshika ufunguo. Chini yake palikuwa na Ndiyo na Hapana. Tusekile alisimama hapo mpaka mvua ikamlowesha mabega. Barua ya tatu maana yake ilikuwa moja tu pale Ikamambe, nayo ni kurudi nyumbani na godoro. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye aliwaambia watoto wa darasa lake, kila wiki, kuhusu binti yake aliye Ikamambe.

Akabonyeza Hapana.

Alirudi kwenye gogo, akamsihi Subilaga aende kwa Nesi akaoneshe mwanya. Subilaga alikataa katakata. Kukatwa mfupa ni maumivu, alisema, ila kurudishwa nyumbani kwa kuchonga meno ni aibu, na nyumbani kwao aibu haina ganzi. Tusekile alikuwa na sentensi moja ya kumwondolea hofu hiyo. Aliizungusha mdomoni kama pipi, akaimeza.

*

Jioni waliitwa tena zahanatini kukamilisha karatasi za safari. Daktari Kalolo alikuwa kwenye kioo. Nesi Anganile alikuwa anaandika. Tusekile, ambaye tangu saa tisa alikuwa ametunga, amefuta na kutunga tena, aliingiza mkono mfukoni.

“Tangazo, tangazo,” kinywa cha Subilaga kikatamka, kwa sauti ya tisa. “Serikali ya Taya la Juu inakanusha vikali uvumi kwamba mipaka yake haijapanuka. Mipaka imepanuka. Ushahidi uko kati ya raia wawili wa mbele, umefunikwa kwa nta. Wataalamu waje waone kwa macho yao. Vipimo ni vya plasta. Rudia, ni vya plasta.”

Ulikuwa ukweli mtupu, wa kwanza kutoka kwa Serikali hiyo, na haukuaminiwa na mtu. Daktari alishusha pumzi, akasema amesikia habari za spika hiyo mbovu, na kwamba kwa bahati nzuri kesho yote inang'olewa. Subilaga aliinamisha kichwa akijua kwamba sasa anachekwa hata na watu wazima. Kalamu ya Nesi ikaendelea na safari yake kwenye karatasi, halafu ikasimama.

Nesi Anganile alikuwa anaangalia mfuko wa sweta ya Tusekile. Sweta za Ikamambe ni nyepesi, na kitu cha kijani kilikuwa kinawaka ndani yake.

“Toa huo mkono,” alisema.

Tusekile akautoa, pamoja na ufunguo wenye neno “plasta” bado kwenye uso wake.

“Nesi,” alianza, “kuna mwanafunzi mmoja ambaye...”

“Mwanafunzi gani?”

“Wa Kidato cha Tano.”

“Ana jina?”

Daktari alipiga kioo chake akidhani mtandao umekatika.

“Mimi,” Tusekile akasema.

Baada ya neno hilo mengine yalitoka yenyewe. Alieleza sauti ya tisa, hali ya mazoezi na ukurasa wa arobaini na moja. Alieleza kwamba amejua ukweli tangu saa tisa alasiri, na hilo ndilo lililomshinda kulisema kwa sauti ya kawaida. Alieleza nta, na akaapa kwa niaba ya Subilaga kwamba hakuna tupa iliyotumika. Kisha, mbele yao wote, akabonyeza Ndiyo.

Daktari Kalolo aliipuuza mistari yake iliyokuwa inaanza kuruka. Alimwomba Subilaga asogee karibu na kioo, atoe nta, afungue kinywa. Aliangalia muda mrefu. Halafu alivua miwani na kusema, taratibu, kwamba mshono umeachia vizuri sana, karibu milimita nne, na kwamba hakuna atakayekatwa kesho. Akasema hajaangalia ndani ya kinywa cha mgonjwa yeyote kwa miaka sita, na kwamba angeangalia leo mchana, haya yote yangekwisha leo mchana. Aliomba samahani, kwanza kwa Subilaga, kisha kwa Nesi. Hakumwomba Tusekile, na Tusekile aliona ni haki.

Nesi Anganile alichukua karatasi nyingine. Alisema barua ya tatu ataiandika leo leo na Mkuu ataipata leo leo. Lakini mizunguko kumi na mitatu ilikuwa imebaki, na kitanuzi kinajua mkono mmoja tu, na kukifundisha mwingine kungechukua wiki ambayo taya la Subilaga halina. “Utafunga godoro baada ya mzunguko wa mwisho,” alisema. “Sasa ni saa kumi na mbili. Fanya kazi yako.”

Tusekile alipiga magoti mbele ya benchi. Subilaga alifungua kinywa bila kumtazama. Ufunguo uliingia kwenye tundu lake, ukasita.

“Mkono haujulikani,” kitanuzi kilisema, kwa sauti yake nyembamba ya kuzaliwa nayo.

Alijaribu tena. Mkono uliokuwa hautetemeki hata kwenye ndizi za watu ulikuwa unatetemeka kama jani la mgomba. “Mkono haujulikani.”

Subilaga alifunga kinywa. Alimshika kifundo cha mkono, akakituliza juu ya goti lake, na kwa mara ya kwanza tangu waingie mle akamtazama usoni.

“La bwalo lilikuwa lako,” alisema.

“Langu.”

“Na lile la gwaride? La kukoroma?”

Tusekile alitamani aulizwe jambo lingine lolote. “Langu pia.”

“Nilikuuliza siku ile. Ukanipigapiga bega.” Subilaga alikuwa anazungumza chini chini, na herufi zake za s zilikuwa zinateleza kwenye chuma. “Uliniambia nini, Tuse?”

“Nilikwambia kifaa ni kibovu.”

“Na kilikuwa kibovu?”

“Hapana. Kilikuwa kizima. Nilitaka wacheke, nikaona wewe ndiye uliye karibu. Nilikuona umeumia, nikakudanganya ili uendelee kunipenda. Nisamehe, Subi.”

Subilaga aliendelea kukishika kile kifundo mpaka kikatulia kabisa. Kisha akaegemeza kichwa ukutani, akafungua kinywa.